MOTO WA KIJANI SI JINI, NI MRUTUTU



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Isha mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Mwanawe anaanguka kifafa. Alimpeleka kwa mtu anayejiita tabibu, kanzu safi, tasbihi ndefu. Yule bwana akasomasoma, akanyunyiza unga kidogo motoni, ndimi za moto zikageuka kijani. Akasema, "Jini limeitika." Mama akauza mbuzi wake wote wanne akalipa.

Akaniuliza, "Sheikh, ule moto nimeuona kwa macho yangu. Utasemaje?"

Nikamwambia, kweli umeuona. Lakini ule ni mrututu.

Ndiyo, mrututu huu huu wa buluu ambao wazee wetu walitibia vidonda, na wakulima huutumia kuzuia ukungu wa mimea. Ndani yake mna shaba, na shaba ikiungua hutoa moto wa kijani. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa kemia alichovya waya kwenye chumvi mbalimbali akaupitisha motoni. Chumvi ya kula, yenye sodiamu, ilitoa manjano makali. Potasiamu ikatoa zambarau hafifu. Strontiamu nyekundu, ile ya kwenye fataki. Hata nyumbani, sufuria ya maji ya chumvi ikifurika kwenye jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka manjano (na wapo wanaosema jini kapita!).

Joto linazipandisha elektroni ngazi ndani ya atomu. Zikishuka hutoa nguvu ile kama mwanga. Kila elementi ina ngazi zake, basi ina rangi zake, umsomee usimsomee mgonjwa. Mwaka 1860 Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, walichunguza mwanga wa moto wakagundua elementi mpya, sesiamu, kwa rangi zake tu.

Sasa wapo watakaosema sheikh anakanusha majini. La hasha. Majini wapo, na tunajua wameumbwa kwa moto. Hapo ndipo tapeli anapotushika: anachukua la kweli katika dini analibandika kwenye uongo wake. Wakumbukeni wachawi wa Firauni. Wao walijua kamba zao ni kiini macho, ndiyo maana walipoiona fimbo ya Musa (a.s.) wakawa wa kwanza kusujudu. Aliyejua ufundi ndiye aliyeutambua muujiza. Sisi tusioujua tunauza mbuzi kwa kijiko cha unga.

Na lawama ni yetu pia maimamu. Tunasema kumwendea mpiga ramli ni haramu, tukaishia hapo, hatuonyeshi watu wanavyochezewa. Jumamosi nililoweka vijiti kwenye maji ya mrututu, nikaviwasha uwanjani mbele ya wanafunzi wa madrasa na yule mama. Kijani kile kile. Mama alinyamaza kitambo, kisha akacheka kwa uchungu.

Tahadhari: mrututu ni sumu. Msiuchome jikoni wala msivute moshi wake. Na yule bwana aliufukiza chumbani, mbele ya mtoto mgonjwa!

Kijana sasa anahudhuria kliniki, anameza dawa kila siku. Mbuzi hawajarudi.

Wabillahi tawfiiq.