Wasomi wa Dakar na Deni Lao kwa Bondeni



Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba uhuru wa wasomi ni shughuli ya wasomi, na kwamba mchuuzi wa Bondeni hana haja nao. Sikubaliani nao. Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama cha wahadhiri. Miaka miwili baadaye, Juni 1982, Kenya ikafanywa kisheria nchi ya chama kimoja. Mwaka huohuo Willy Mutunga, aliyekuwa katibu wa wahadhiri hao, akatiwa kizuizini. Kwanza alinyamazishwa mwalimu, kisha mpiga kura.

Mlango wa nyumbani ulipofungwa, palikuwa na baraza moja nje: CODESRIA, chombo cha watafiti wa sayansi ya jamii barani Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1973 na chenye makao Dakar, Senegal. Katibu wake mtendaji wa kwanza alikuwa Samir Amin wa Misri. Aliyemfuata ni mwana wa Lamu, Abdalla Bujra (wangapi kati yetu tulifundishwa jina hilo shuleni?), aliyeongoza hadi 1985. Kisha akaja Thandika Mkandawire, ambaye utawala wa Banda ulikuwa umemfanya mkimbizi. Ni katika zama zake, Novemba 1990, ambapo wasomi walikutana Kampala wakatoa Azimio la Uhuru wa Kitaaluma na Wajibu kwa Jamii. Wenzao wa Tanzania walikwisha kutoa lao Dar es Salaam, Aprili mwaka uleule. Kwetu kifungu 2A kilikuwa kingali sheria. Kilifutwa Desemba 1991.

Angalieni pia jinsi uongozi ulivyopokezanwa. Tangu 1978 hadi 2002 Kenya ilikuwa na Rais mmoja, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Katika muda huohuo Dakar ilitoka kwa Bujra kwenda kwa Mkandawire, kwa Achille Mbembe, kisha kwa Adebayo Olukoshi. Mwaka 2017 zamu ikamfikia Mkenya mwingine, Godwin Murunga.

Hata hivyo sitawapaka mafuta. Baraza hilo limetegemea sana fedha za Sweden na za Ford Foundation, na lugha zake za kazi ni Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kireno. Kiswahili hakimo! Tena Azimio la Kampala lina nusu mbili, na wasomi wetu huikariri ile ya uhuru tu. Moto ulipowaka Molo na Olenguruone mwaka 1992, Askofu Ndingi wa Nakuru alisimama hadharani akalaani. Nyumba zilipochomwa tena mjini mwetu Januari 2008, watu walikimbilia makanisani. Egerton iko Njoro, hatua chache tu kutoka hapa. Ni wahadhiri wangapi waliokuja Bondeni kutueleza nani aliyefaidika na damu ile?

Basi ombi langu kwa kamati za haki na amani za parokia ni hili: liiteni Azimio hilo kwenye ukumbi wa kanisa, lifasiriwe kwa Kiswahili, lisomwe lote, na wahadhiri wa Njoro wawepo kujibu maswali.