Chema Hakijiuzi

Methali husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni hekima sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe kwa mkono wake. Lakini humpotosha kijana aombaye nafasi ya mafunzo ya kazi. Aisomaye barua yake hamwoni yeye. Huona karatasi tu, nayo karatasi isiyosema kitu haimuuzi mtu.

Katika mitaa yetu ya Kaloleni, Makongeni, Jericho na Bahati wapo washauri wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Pasipo mjomba ofisini, usijisumbue." Wa pili husema, "Ficha mtaa wako, upambe barua kwa maneno makubwa." Wote wawili wastahili kupingwa.

Kujuana kupo, wala sikatai, ni dhuluma. Lakini zitazameni kampuni za ushauri wa biashara, ambazo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huzitamani. Desturi yao ni kumwekea mwombaji tatizo mezani: mauzo ya duka yamepungua, eleza sababu, au, kisia masanduku ya bati yauzwayo Nairobi kwa mwaka mmoja. Mjomba aweza kufungua mlango; swali hilo hawezi kumjibia mtu.

Na ni nani alijuaye sanduku la bati kuliko mtoto aliyekua akisikia nyundo za mafundi wa Kamukunji? Anajua kwamba wateja hufurika wakati wanafunzi wa bweni wanapokaribia kwenda shuleni. Basi na aanzie hapo: wanafunzi wapya wa bweni ni wangapi? Wangapi hurithi masanduku ya ndugu zao? Sanduku moja hudumu miaka mingapi? Azidishe, atoe, kisha aseme wazi lipi analijua na lipi amelikisia. Kufikiri kwa mpango namna hiyo ndiko kutafutwako, na hakuuzwi katika mitaa ya matajiri. Afichaye mtaa wake huficha shule yake ya kwanza.

Barua nayo isiwe ya majivuno. Kuandika "mimi ni mchapakazi na kiongozi hodari" ni kazi bure, maana hata mvivu aweza kuandika hivyo. Andika ulilolitenda: kwamba uliweka daftari la kibanda cha mama kwa miezi 3, ukaona mboga huoza zaidi siku ya Jumatatu, mkapunguza ununuzi wa siku hiyo, na hasara ikashuka kwa shilingi kadha wa kadha. Tendo dogo lenye hesabu hushinda sifa kubwa isiyo na ushahidi. Asiye na tendo kama hilo asilibuni. Na alianze leo, angali sekondari. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara zi karibu, na Gikomba hufundisha bei kila asubuhi bila ada.

Neno la mwisho ni kwa waajiri. Ninyi msemao mnatafuta vipaji, kisha mkawataka vijana wafanye kazi miezi mizima bila malipo, mnajidanganya. Nauli ya kila siku kutoka Umoja hadi Westlands ni mzigo mzito kwa mzazi auzaye mitumba. Mkiendelea hivyo hamtampata aliye bora. Mtampata mwenye nauli. Lipeni kwanza, ndipo mpime akili.