Nguzo Isiyotajwa

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, binti yetu alituletea daftari lake mezani akatuomba tumsaidie. Anajiandaa kwa mtihani uitwao GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara vya Marekani, Ulaya na kwingineko huutumia kuwachuja waombaji wa shahada ya uzamili. Mtihani huo ulianza mwaka 1954. Sisi, kwa ujinga wetu, tulidhani ni hesabu na Kiingereza basi. Kumbe imo sehemu ya kupima hoja, na sehemu hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi, maana maswali 23 ya kusoma na kupima hoja hupewa dakika 45 tu.

Swali alilotuwekea alikuwa amelitunga mwenyewe kwa kufuata mfano wa yale ya mtihani. Shule fulani ilianza kuwapa wanafunzi uji wa asubuhi mwaka jana. Mwaka huu alama zao zimepanda. Kwa hiyo, uji ndio uliopandisha alama. Je, hoja hii inategemea dhana ipi ambayo haikutamkwa? Majibu yalikuwa manne: kwamba uji ni bora kuliko vyakula vyote, kwamba wanafunzi wote wa shule hiyo hunywa uji, kwamba alama hazikupanda kwa sababu nyingine peke yake, kama kuletwa kwa walimu wapya, na kwamba shule jirani zisizotoa uji hazikupata maendeleo yoyote.

Tulichagua la mwisho, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Tulikosea.

Kosa letu, alivyotueleza, ndilo linalowaangusha wengi. Tulitafuta neno la kuisaidia hoja, na swali halikuuliza hivyo. Liliuliza ni nguzo gani ambayo ikitolewa, nyumba nzima inaanguka. Habari ya shule jirani huipa hoja nguvu, lakini hoja yaweza kusimama bila hiyo: huenda jirani nao walipanda kwa sababu walipata walimu wapya, na huku kwetu ukawa kweli ni uji. Jibu sahihi ni la tatu. Ukisema kinyume chake, yaani kwamba alama zilipanda kwa sababu nyingine peke yake, uji hauna kazi tena ndani ya hoja.

Hiyo ndiyo njia wanayofundishwa: chukua kila jibu, likanushe, kisha uitazame hoja. Ikiendelea kupumua, jibu hilo si nguzo. Likanushe la kwanza, kwamba uji si bora kuliko vyakula vyote. Basi na iwe hivyo, bado waweza kuwa umewasaidia watoto. Likanushe la pili, hoja nayo inabaki hai.

Hapo kwenye jibu la pili ndipo lugha yetu inapotutega, na wazazi wanaowasaidia vijana wao kwa Kiswahili wapaangalie. Tukiambiwa tukanushe "wanafunzi wote hunywa uji," ulimi hukimbilia "wanafunzi wote hawanywi uji," na msikilizaji huelewa kwamba hakuna hata mmoja anywaye. Huko si kukanusha, ni kuruka mpaka ncha ya pili. Kinyume cha "wote" ni "si wote," na akikosekana mwanafunzi mmoja tu, inatosha. Binti yetu anasema alipoteza alama nyingi za mazoezi kwa jambo hili dogo kabla hajaling'amua.

Mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, LSAT, ulioanza mwaka 1948, huenda mbali zaidi, na tangu Agosti 2024 sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za kupima hoja. Huko kuna swali la aina ya pili linalofanana na hili na kumbe ni tofauti: dhana ipi, ikiongezwa, italifanya hitimisho lifuate kwa lazima? Kwa swali hilo kukanusha hakusaidii. Hapo hutafutwa kauli nzito ya kuziba pengo lote, hata kama ni nzito kupita mahitaji. Asiyesoma swali kwa makini hutumia ufunguo wa mlango mmoja kufungulia mwingine.

Tusidhani elimu hii ni ngeni kwetu. Wanamantiki walioandika kwa Kiarabu waliijua vyema hoja iliyoachiwa nguzo yake moja bila kutajwa, wakaiita dhamir, yaani kilichofichwa. Na neno hilohilo ndilo lililotupa dhamiri yetu ya Kiswahili. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikifungua kitabu chake cha usuli wa fiqhi, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki, kwa kuona kwamba mwenye kutoa hukumu anahitaji kwanza kujua hoja inavyojengwa.

Tulipofika hapo tulidhani somo limekwisha. Binti akafungua ukurasa mpya, akaandika mstari mmoja, akatugeuzia daftari: "Amepata alama ndogo za hesabu mihula miwili, basi hesabu hana kipaji nazo."

Tuliyatambua maneno hayo. Tuliyasema wenyewe alipokuwa kidato cha pili, siku tuliyomwambia aache masomo ya sayansi achukue ya sanaa. Yeye alitaka ufamasia. Alilia siku mbili, nasi tukaona ni utoto.

"Baba, mama," akasema, "dhana iliyofichika ni ipi?"

Hatukujibu upesi, ingawa jibu tulikuwa nalo. Hoja yetu ilikuwa imesimama juu ya dhana kwamba alifundishwa. Miezi mingi baadaye tulisikia kutoka kwa mzazi mwenzetu kwamba darasa lao halikuwa na mwalimu wa hesabu mihula yote hiyo miwili. Watoto walikuwa wakinakili mazoezi ubaoni na kujisahihishia. Kanusha dhana ile, na hukumu yetu haibakiwi na kitu. Lakini siku ile hatukuuliza shuleni, wala hatukumuuliza yeye. Tuliitazama karatasi ya matokeo tu.

Tulimwomba radhi palepale. Alitabasamu, akasema ameshasamehe zamani, kisha akarudi kwenye daftari, maana alikuwa amebakiwa na maswali kumi na moja na usiku ulikuwa umeingia. Mama yake alimchemshia chai. Sehemu ya hesabu ya mtihani huo, alitueleza huku akichora mstari chini ya swali jipya, ndiyo anayopata alama za juu zaidi.