Kopi za vitambulisho vyetu ziko wapi?

Vijana wa Matuu, tuongee ukweli. Ukijiunga na kikundi hapa kwetu, unaitishwa kopi ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi. Sawa, ofisi ya huduma za jamii inataka orodha wakati wa kusajili kikundi. Lakini baada ya hapo? Daftari linalala kwa katibu, na picha ya orodha nzima iko kwenye grupu ya WhatsApp, ambapo hata waliotoka kikundini bado wamo. Nimewahi kuwa katibu, kwa hivyo najisema pia.

Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Namba zao zilitoka wapi?

"Sisi tunajitolea tu" si jibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza data yako inatumiwaje, na kuomba ifutwe kama haihitajiki tena. Mweka hazina anahitaji namba ya simu ya kutuma pesa, basi.

Katibu, mkutano ujao njoo na faili. Kopi za waliotoka tuzichome tukiwa wote.