Tufe la chuma: Lijue kabla hujalinyanyua

Huenda umeliona kwenye ukumbi wa mazoezi: tufe la chuma lenye mpini, liitwalo ketelibeli. Asili yake ni Urusi, ambako lilitumika kama jiwe la mizani la kupimia nafaka. Wenye nguvu wakaanza kushindana kulinyanyua. Hata leo, mengi yana kilo 16, 24 au 32, kwa kufuata pudi, kipimo cha kale cha Kirusi cha takriban kilo 16.

Ukilibembeza, misuli ya mapaja, makalio na mgongo hufanya kazi pamoja huku moyo ukienda mbio. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kutembea pekee hakutoshi.

Hata hivyo, nguvu itoke kwenye nyonga, si mikononi wala kiunoni. Usibane pumzi, kwani hilo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Ikiwa una shinikizo la juu la damu, maumivu ya mgongo au ujauzito, muone daktari kwanza.

Nawe mzazi, mtoto aanze na uzito mwepesi, chini ya uangalizi wa mwalimu.