Kisu si Dawa ya Kila Kifundo

Inasikitisha kwamba kila msimu wa kandanda unapomalizika, viwanja vyetu hutuachia vijana wanaochechemea. Hapa Kisiwa Panza jambo hili si la mchezo tu. Mwenye kifundo cha mguu kilichoteguka hapandi mkarafuu, hasukumi ngarawa, wala hatembei mwambani kuchokoa pweza. Hasara ya dakika moja uwanjani huingia katika chungu cha nyumba nzima.

Juu ya hayo, ipo imani kuwa mguu ulioteguka vibaya hauponi mpaka uvushwe bahari ukapasuliwe, na wako wazazi walio tayari kuuza ng'ombe kwa safari hiyo. Hatuna budi kusema wazi kwamba imani hiyo haina msingi. Mara nyingi mguu hupindukia ndani, na kano za upande wa nje zikavutika au kukatika. Kano hizo, hata zikikatika kabisa, kwa wagonjwa walio wengi hupona bila ya kisu zikitunzwa vyema. Upasuaji huachiwa wachache, hasa wale ambao baada ya miezi ya mazoezi mguu wao ungali ukilegea na kupinduka.

La kwanza ni kujua kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni nyepesi: aliyeumia kifundo asiyeweza kwenda hatua nne, au anayeumwa akibonyezwa mfupa kwenye ncha au nyuma ya jicho la mguu, apigwe picha. Huyo avushwe Chokocho bila ya kuchelewa, apelekwe Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani.

Wengine watoke mchezoni papo hapo, mguu ufungwe bendeji na kuinuliwa, na barafu ikipatikana iviringwe kitambaa na kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20. Wazee wetu wachuaji, ambao tunawaheshimu, tunawaomba wajizuie siku tatu za mwanzo, maana maji ya moto na kuchua huweza kuzidisha uvimbe.

Baada ya hapo hukosewa kwa namna mbili. Mmoja hulazwa kitandani mwezi mzima. Mwingine hurudishwa uwanjani wiki ya pili kwa kuwa mechi ni ya watani. Mguu hutaka kutembezwa mapema, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, ukiwa umefungwa. Kisha mchezaji asimame kwa mguu ule mmoja, kwanza macho wazi, baadaye yamefumbwa, kila siku kwa wiki kadhaa. Zoezi hili halina gharama, na pengine ndiyo sababu linachekwa. Lakini ndilo linaloufundisha mguu kujizuia, na aliyewahi kuteguka ndiye aliye karibu zaidi na kuteguka tena. Asicheze mpaka aweze kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla bila ya maumivu.

Kwa wahusika wa michezo na afya wilayani Mkoani, ombi letu si kubwa. Bendeji ni rahisi kuliko mpira. Klabu isisajiliwe mpaka iwe na mfuko wa huduma ya kwanza na mtu mmoja aliyefunzwa kuutumia, na mafunzo hayo yafanyike hapa hapa kisiwani kabla ya msimu kuanza. Na kocha anayemwingiza kijana anayechechemea kwa ajili ya pointi aitwe na kamati ya klabu yake ajieleze, mzazi wa kijana huyo akiwapo.