Kahawa ya Kilimanjaro: mifumo ni mingi, mkulima bado anauliza

Mkulima wa Kibosho akishapima kahawa yake AMCOS, anapewa stakabadhi na kurudi nyumbani. Kuanzia hapo ana swali moja: mzigo wangu umefika wapi na malipo ya pili lini?

Kumjibu siyo rahisi. Kahawa inatoka ghala la kijijini, inakobolewa Moshi mjini, inapangwa madaraja, ndipo iende mnadani. Kila kituo kina daftari au programu yake.

Kilo hazilingani

Kilo 100 za kahawa ya maganda zikikobolewa hubaki takriban 80 za kahawa safi, tena zimegawanyika: AA, A, B, PB na kuendelea. Ukifuatilia kilo, umepotea. Cha kufuatilia ni namba ya shehena.

Mfumo mmoja mkubwa?

Hapana. Ukikwama, wote wamekwama. Njia bora ni kila mfumo ubaki na kazi yake na uwe na mlango wa kujibu maswali ya wengine. Mnada hauhitaji kujua ghala linaendeshwaje. Unauliza tu: shehena hii ipo? Kilo ngapi safi? Daraja gani? Kiwanda kikibadili programu, mlango unabaki ule ule.

Serikali inaijua njia hii. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina GovESB, inayowezesha mifumo ya taasisi za umma kubadilishana taarifa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina MUVU kwa ajili ya vyama vya ushirika.

Kwa nini sasa

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023/1115 inataka kahawa inayoingia huko ioneshe shamba ilikotoka, kwa vipimo vya GPS. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, ila sharti hilo lipo. Huku shehena moja hukusanya kahawa ya vihamba vingi vidogo vya chini ya migomba. Namba ikikatika ghalani, wote wanaweza kukosa soko hilo.

Kipimo ni kitochi

Tahadhari moja: karani akikosea kuandika kijijini, mifumo iliyounganishwa itasambaza kosa haraka zaidi. Kazi ianzie kwenye mzani wa AMCOS.

Na isiishie kwa maofisa. Siku mkulima atakapoingiza namba ya stakabadhi kwenye simu ya kitochi na kujibiwa mzigo wake ulipo, hapo ndipo tutasema mifumo inaongea.